Jinsi ya kuunda mfano wa tetherini na Vpu kwa kitambaa, uzi na mipira

Chembe mpya ya VVU ikishaundwa, inabakiwa na kazi moja: kuachana na seli iliyoizaa. Hapo ndipo tetherini huikamata. Ni protini ya seli yenyewe, ya asidi amino 180, na seli huitengeneza kwa wingi ikipata ishara ya interferoni, protini ya kinga inayotoa tahadhari ya maambukizi. Kazi yake ilibainika mwaka 2008. Wanafunzi wengi huikariri kama "kinga" tu, bila kujua inazuia vipi. Mfano huu unawaonyesha kwa macho.

Tafuta katoni yenye mdomo wa sentimita 40 kwa 40, uiondoe kitako ili mkono upite kwa chini. Andaa pia kitambaa chepesi cha mita 1 kwa 1, mipira 3 ya tenisi ya mezani, uzi mnene, sindano, pini, mkasi na kopo moja lililoandikwa "lisosomu", yaani sehemu ya seli inayoharibu protini.

Funika mdomo wa katoni kwa kitambaa na ukifunge kwa kamba pembeni. Usikivute kikakaza. Huu ndio utando wa seli, na kila mpira utakula duara la sentimita 14 hivi; kitambaa kilichokaza hakifuniki mpira, kinachanika. Chora maduara matatu yasiyogusana.

Sasa tetherini. Molekuli hizi hukaa mbilimbili, zimeunganishwa kwa bondi za salfa katika sehemu tatu. Kwa hiyo chukua nyuzi mbili na uzifunge pamoja kwa mafundo matatu, ibaki sentimita 4 kati ya ncha na ncha. Kila molekuli ina nanga mbili, moja kila upande, na zote mbili huchimbia katika utando. Hili ndilo jambo la kusisitiza, kwa sababu protini nyingi za utando zina nanga moja tu.

Duara la kwanza liache tupu. La pili lishonee jozi mbili za nyuzi hizo, kila jozi ncha yake moja ikiwa ndani ya duara, sentimita 1.5 kutoka kwenye mstari, na nyingine nje kwa umbali huohuo. La tatu fanya vilevile, lakini usishone: pitisha ncha hadi upande wa chini na uzibane kwa pini.

Ingiza mpira kwa chini katika duara la kwanza, uusukume juu mpaka kitambaa kiuvae. Funga shingo mara mbili, kisha kata katikati ya mafundo hayo mawili. Mpira uko huru, na koti lake ni kipande cha utando wa seli. Wanafunzi wakiliona hilo, nusu ya somo imekwisha. Rudia duara la pili. Shingo imekatwa sawasawa, lakini uinamishe katoni: mpira wa kwanza unaanguka, wa pili unaning'inia.

Kwenye duara la tatu, mkono ulioandikwa "Vpu", protini ya VVU inayoishinda tetherini, uingie kwa chini, ufungue pini, uvute nyuzi na kuzitia koponi. Baada ya hapo ndipo usukume mpira. Mfuatano huu usigeuzwe. Kosa la kawaida ni kumpa Vpu mkasi akate nyuzi za mpira uliokwisha kunaswa. Vpu haikati kitu. Huishika tetherini ndani ya utando, huiondoa mahali chembe zinapochipua na kuipeleka kuharibiwa. Mkasi una mahali pake: kata nyuzi za mpira wa pili mwishoni kabisa, ueleze kwamba maabara hutumia kimeng'enya cha subtilisini kwa namna hiyo, na chembe zilizonaswa zikaachiwa.

Sahihisha pia vipimo. Chembe ya VVU ina upana wa nanomita 120 hivi, na sehemu ya kati ya tetherini ina urefu wa takribani 17. Kwa mpira wa milimita 40, uzi wa haki ungekuwa chini ya milimita 6. Sema wazi kwamba umeurefusha ili mikono ipite, la sivyo watadhani chembe huelea mbali na seli.

Swali litakalokuja ni kwa nini kirusi kisibadilike tu. Waonyeshe koti la mpira: uzi haujashika chochote cha kirusi. Watafiti waliwahi kuunganisha vipande vya protini nyingine tatu vyenye umbo kama la tetherini, na bado chembe zikanaswa. Umbo ndilo linalofanya kazi, kwa hiyo kirusi hakina budi kuiondoa tetherini yenyewe. VVU-2 hufanya hivyo kwa protini ya bahasha yake. Virusi vingi vya nyani hutumia protini yao nyingine, Nef, inayoishika tetherini kwenye kipande cha asidi amino 5 ambacho tetherini ya binadamu haina. Ndiyo maana VVU-1 ya kundi M, ile iliyoenea duniani kote, iliyotokana na kirusi cha sokwe kinachotumia Nef, iliikabidhi Vpu kazi hiyo.