Kulisha Kuku wa Mayai Wakati wa Joto Kali

Joto la banda likizidi nyuzi 30 za Selsiasi, kuku wa mayai huanza kuhema mdomo wazi na kutandaza mabawa, na ndani ya seli zake chembe haribifu zitokanazo na oksijeni huongezeka kuliko mwili unavyoweza kuziondoa. Kinga mojawapo kubwa ya seli ni glutathioni, ambayo mwili huiunda kwa asidi amino (vijenzi vya protini) tatu: glutamati, glaisini na sisteini. Inayopungua mara nyingi ni sisteini, nayo kuku huweza kuitengeneza kutokana na methionini, asidi amino nyingine iliyomo katika chakula.

Anza, basi, na methionini. Mahindi na soya peke yake havina ya kutosha. Ongeza dagaa na mashudu ya alizeti, au methionini ya unga ya dukani, hadi chakula kizima kifikie takriban asilimia 0.4. Pima kwa mizani, si kwa kiganja, kisha changanya kwanza na kilo chache za pumba ndipo umwage kwenye rundo kubwa, kwa kuwa methionini ikizidi humpunguzia kuku hamu ya kula.

Dagaa wanuse kabla ya kununua. Wenye harufu kali ya mafuta yaliyoharibika waache hata wakiuzwa nusu bei, maana mafuta hayo yenyewe huleta madhara yale yale unayoyakwepa na kumaliza vitamini E iliyomo katika chakula. Premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini wa kuongeza kwenye chakula, iwe na madini ya seleni pia, ambayo kimeng'enya kikuu kinachoitumia glutathioni hakifanyi kazi bila hiyo. Lisha alfajiri na jioni. Maji ya baridi yawepo muda wote.