Namna ya Kutoa Seva katika Ashramu ya Amritapuri

Amritapuri ni ashramu, yaani makao ya kiroho ya Kihindu, iliyoko Kerala, kusini mwa India, kwenye ukanda mwembamba wa ardhi baina ya Bahari ya Arabu na mifereji ya maji ya pwani, katika kijiji alikozaliwa mwaka 1953 Mata Amritanandamayi, mwalimu wa kiroho wa Kihindu. Anayekwenda huko kutoa seva, yaani kazi ya kujitolea kwa ajili ya Mungu na viumbe vyake, ajue mapema kwamba jikoni napo ni mahali pa ibada.

Omba malazi kabla ya kusafiri, na uwe na viza halali na pasipoti, kwani sheria ya India inataka mgeni aandikishwe mahali anapolala. Chukua nguo nyepesi zinazofunika mabega na magoti. Nyama, pombe na tumbaku haviingii ashramu.

Ukifika, nenda kwenye ofisi ya seva, eleza una muda gani na afya yako ikoje (mwenye maumivu ya mgongo aseme mapema, asije akapewa masufuria makubwa ya kuinua), kisha pokea kazi utakayopangiwa. Wageni wengi hutamani kazi za karibu na Amma, kama wote wanavyomwita Mata Amritanandamayi. Kwa maoni yangu, ni heri kuanzia kwenye kukata mboga, kwa sababu hapo mgeni huketi bega kwa bega na wakazi wa miaka mingi, mikono ikiwa na kazi na moyo ukirudia mantra, yaani maneno matakatifu, kimyakimya, na hapo ndipo hufahamu fundisho la mungu Krishna kwa shujaa Arjuna katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwamba haki ya mtu ni kutenda, wala si kudai matunda ya tendo. Kutenganisha taka ni kugumu zaidi, nako kunahitaji watu.

Seva haichukui nafasi ya sala. Amka kabla ya mapambazuko uhudhurie usomaji wa majina 1000 ya Devi, mungu wa kike, na jioni ukae kwenye bhajani, yaani nyimbo za ibada, hata kama hujui maneno.

Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipopiga kijiji hiki, ashramu iliwalisha na kuwapa hifadhi walionusurika, kazi isiyowezekana bila watu waliokwisha kuzoea kutumwa. Kwa hiyo fika kwa wakati, na zamu yako ikiisha, osha kisu, kirudishe mahali pake, umwonyeshe anayekupokea ulipoishia.