Kufundisha wanafunzi kupima habari za mtandaoni katika darasa lenye simu moja

Mwonyeshe mwanafunzi wa kidato cha pili ujumbe wa WhatsApp, umuulize kama ni wa kweli. Ataukagua ujumbe wenyewe: nembo ipo, Kiswahili kimenyooka, picha imetulia. Basi ni wa kweli. Hapo ndipo anapokosea, kwa sababu nembo, lugha na picha ndivyo vitu ambavyo tapeli hushughulika navyo kwanza.

Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa kazi ya namna hii wanahistoria 10, wahakiki habari 10 na wanafunzi wa chuo 25. Wanahistoria wengi na wanafunzi wengi walibaki kwenye ukurasa wa tovuti waliopewa, wakausoma kwa makini, wakadanganyika. Wahakiki walitoka mapema, wakafungua kurasa nyingine kuuliza nani yuko nyuma ya ule wa kwanza, na wakapata jibu sahihi haraka kuliko wote. Somo lote linalofuata linalenga tabia hiyo moja: kutoka.

Tenga vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Darasa la wanafunzi 50 ligawe vikundi 10 vya watano. Unahitaji simu janja moja yenye bando (usipofungua video, MB 200 zinatosha), ubao, na karatasi nne kwa kila kikundi zenye jumbe nne zilizochapwa. Mbili ziwe za uongo, moja ya kweli, na moja iwe picha ya zamani iliyopewa maelezo mapya. Ile ya kweli usiiache hata karatasi zikipungua. Ukileta uongo mtupu, darasa hujifunza kukataa kila kitu, na mtoto wa aina hiyo hata tangazo halali la chanjo atalikataa. Futa majina na namba za simu za watu kabla ya kuchapa. Nyuma ya kila karatasi andika kwa herufi kubwa ZOEZI LA DARASA, na mwishoni zikusanye zote: karatasi ikipigwa picha na kurushwa kwenye grupu la wazazi, wewe ndiye utakuwa umesambaza.

Dakika 10 za kwanza ni za kura. Kila kikundi kiseme kweli au uongo kwa kila ujumbe, uandike idadi ubaoni. Usitoe jibu, wala usikunje uso.

Kisha anwani. Hapa usiwe na haraka, chukua dakika 25. Andika hizi mbili ubaoni, ya pili ikiwa ya kubuni:

https://matokeo.necta.go.tz/
https://necta.go.tz.matokeo-yako.com/

Wengi watasema zote ni za Baraza la Mitihani kwa sababu wameona neno necta. Waambie wairuke ile https:// na kutafuta mkwaju (/) unaofuata. Waweke kidole hapo, kisha wasome kurudi kushoto. Katika ya kwanza wanakutana na tz, yaani Tanzania. Halafu go, eneo la taasisi za serikali. Halafu necta, mwenye nyumba. Katika ya pili wanakutana na com, halafu matokeo-yako. Mwenye nyumba ni yeyote aliyenunua jina hilo. Maneno yaliyobaki upande wa kushoto ni pambo tu, kwa kuwa mwenye jina huweza kuandika hapo chochote anachotaka. Wape tano nyingine wazisome wenyewe, na mojawapo iwe na vistari badala ya nukta, mfano necta-go-tz.com. Kwa Kenya mwisho wa kutafuta ni go.ke, kwa Uganda go.ug. Atatokea mmoja wa kusema alama ya kufuli inathibitisha usalama. Kufuli maana yake ni kwamba mawasiliano yako na tovuti hiyo hayasomwi njiani. Haisemi kama mwenye tovuti ni mwaminifu, na tapeli naye analo.

Baada ya hapo tafuteni pamoja, simu ikiwa mkononi mwako na wanafunzi wakikuelekeza. Wasikubali uuchukue ujumbe mzima na kuubandika kwenye kisanduku cha kutafutia, maana utaletewa nakala za ujumbe uleule. Maneno manne au matano yanatosha: jina la taasisi, jambo linalodaiwa, mwaka. Wasome vichwa vya matokeo matatu au manne kabla hujabonyeza chochote. Kosa la kawaida ni kukuta habari kwenye blogu kumi na kudhani ni mashahidi kumi. Linganisheni sentensi: zikifanana neno kwa neno, shahidi ni mmoja aliyenakiliwa mara kumi. Kwa picha, tumia zana za kutafuta picha ilikowahi kutokea mtandaoni: Google Lens, au TinEye na upange matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Picha ya mafuriko ya "jana" ikionekana mtandaoni miaka minne nyuma, mjadala umekwisha. Kisha pigeni kura upya, kando ya zile za mwanzo.

Usalama uunganishe na jumbe wanazozijua. "Ile hela tuma kwenye namba hii" inafaa sana Tanzania: haitaji jina la mtu wala kiasi, kwa hiyo inamnasa yeyote ambaye kweli anadaiwa. Jibu ni kumpigia mdai kwa namba uliyokuwa nayo zamani, kisha kutuma sms hiyo na namba iliyoileta kwenda 15040 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Namba ya siri ya tarakimu sita inayokuja kwa sms haisomwi kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kama huduma kwa wateja. Kwenye WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili, ili mwizi akiipata namba hiyo bado akwame kwenye PIN.

Jambo la picha za faragha litaje bila kuzungukazunguka. Mwanafunzi anayetishiwa kwamba picha zake zitavujishwa asilipe, asifute mazungumzo, apige picha ya skrini yenye vitisho na namba ya mtishaji, amwone mtu mzima anayemwamini au apige 116, simu ya bure ya watoto Tanzania na Kenya. Na wewe mwalimu, usizirushe picha hizo kwa mwenzako hata kama ushahidi. Mtoto huyo ana aibu na hofu tayari, swali la kwanza lisiwe "ulizituma kwa nini?"

Wiki mbili baadaye leta ujumbe mmoja mpya, bila kutangaza. Usisahihishe jibu la kweli au uongo. Mwanafunzi aandike hatua tatu: alitoka kwenda wapi, alitafuta maneno gani, na alikuta nini. Atakayeandika "inaonekana ni ya uongo" bila hatua hata moja, mrudishie karatasi, aanze upya na anwani.