Gari ya stima: ungoje ile unayoitaka ama uchukue ilioko? Hesabu za hapa Malindi

Swali hili nimeulizwa na watu watatu mwezi huu, wa mwisho dada yangu mwenyewe tukiwa tumekaa barazani baada ya magharibi: gari ya stima naitaka, pesa karibu zimetimia, lakini nasikia ile yenye betri kubwa yaja, sasa ningoje ama nichukue hii ilioko yadi? Nikaona badala ya kumjibu kila mtu kivyake niandike hapa yote, manake jibu la dada na jibu langu mimi si moja, ijapokua sote twaishi Malindi na sote twataka gari hio hio.

Jambo hili laniuma kwa sababu ya shemeji yangu. Alitoa arbuni kwa muuzaji mmoja Mombasa, akaahidiwa toleo la betri kubwa ndani ya miezi 3, akauza Probox yake mapema ndo atimize pesa, halafu ikawa mara meli haijafika, mara gari ziko bandarini, mara bei imepanda. Miezi 11. Muda wote huo kwenda kazini Watamu ni gari ya kukodi, watoto wenda shule na tuktuk, na mwisho akaletewa ile ile ya betri ndogo akaambiwa chukua hii ama ungoje tena. Akachukua. Na sasa yamtosha kabisa! Kazini kwake kwenda na kurudi ni kilomita 50 tu, kwa hivyo kile alichokua akikingojea hakukihitaji tangu siku ya kwanza, na hakuna mtu aliyemkalisha chini akamuuliza wewe waenda wapi kila siku.

Basi anza hapo. Chukua daftari, wiki mbili andika kila jioni kilomita ulizokwenda, usikisie, soma kwenye dashibodi ya gari ulionayo sasa. Safari zetu zajulikana: Watamu ni kama kilomita 25, Kilifi 60, Mombasa 120, Mokowe pale pa kuvukia Lamu 220 hivi. Halafu linganisha na betri. Nachukua mfano wa Nissan Leaf kwa sababu mitumba ya stima inayotoka Japani nyingi ni hio. Ile ya kWh 40 (kWh ni ile uniti ya stima, yani betri yabeba uniti 40) iliyotoka 2017, kipimo cha Marekani chaipa kama kilomita 240 ikiwa mpya, na ile ya kWh 62 iliyotoka 2019 yapewa kama 360. Lakini hizo ni za gari mpya. Mtumba punguza asilimia 15 ama 20 kwa betri kuzeeka, punguza tena kwa AC ambayo mwezi wa pili hapa hakuna atakayeizima, halafu bakisha akiba, usipange safari ya kufika nyumbani na sufuri. Mimi nikipiga hivyo ile ya 40 yaniachia kilomita 150 za uhakika na ile ya 62 yaniachia 220 na kitu.

Sasa ona tofauti yenyewe. Dada yangu afundisha Gede, wikendi Mambrui kwa mama mkwe, hajawahi kupita kilomita 70 kwa siku isipokua safari za Mombasa mara mbili kwa mwaka, na hizo aweza kupanda matatu. Mimi kazi yangu ni kupeleka na kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa na kurudi ni 240, wiki nzuri mara tatu. Kwangu ile ya 40 ni kukaa Mombasa masaa mengi nikingojea chaji na mgeni yuko kando ya gari na mabegi. Ile ya 62 nafika, nachaji wakati nangojea ndege itue, narudi nikiwa nimegusa akiba kidogo tu. Kwa hivyo mimi nina sababu ya kungoja, yeye hana.

Kuna kitu hapa watu wengi hawakihesabu, nacho ni soketi ya nyumbani. Soketi ya kawaida ya 13A usiivute zaidi ya 10A usiku kucha, hio ni kama kilowati 2.4, ukichaji masaa 10 umeingiza uniti 24, na ukitoa zinazopotea njiani ni kama kilomita 140. Iwe betri ni 40 ama 62 kinachoingia usiku mmoja ni kile kile! Betri kubwa yakupa nafasi ya kuweka akiba, siku stima imepotea wakopa ya jana, lakini kama kila siku wenda mbali basi dawa ni kuvuta waya mnene kutoka kwa mita na kufunga chaja ya kilowati 7, na hio yataka fundi wa stima anayejua kazi, mwenye kupima waya wa ardhi kwanza, manake nyumba zetu nyingi za zamani waya huo ama haupo ama umeoza kwa chumvi. Kuna mtu ataka kungoja mwaka mzima apate betri kubwa na shida yake yote ni soketi. Na ile kebo inayokuja na gari kutoka Japani plagi yake si ya hapa, usikubali fundi aikate akufungie plagi yetu juu juu, nunua kebo ya 240V.

Ukishajua safari na soketi, andika hilo toleo unalolingojea lina nini ambacho hii haina, kimoja kimoja. Kisha jiulize kila kimoja: hiki chaweza kuongezwa baadaye? Rimu, viti vya ngozi, skrini kubwa, kamera ya nyuma, spika, hivi vyote utaviweka ukitaka, kuvingojea ni kujichosha bure. Vya kungojea ni vile ambavyo gari ikishatoka kiwandani haibadiliki, yani ukubwa wa betri, aina ya betri, namna inavyopozwa, tundu la kuchaji, na upande wa usukani.

Kupozwa nataka nikae nalo kidogo kwa sababu ya joto letu. Leaf hizi za mtumba, ya 40 na ya 62 zote, betri haipozwi kwa maji, ni hewa tu inayopita. Mwaka 2012 kule Arizona Marekani, jangwani, wenye Leaf za kwanza waliona vile vijiti vya dashibodi vinavyoonyesha uwezo wa betri vyapungua mapema kuliko wenzao wa sehemu za baridi, mpaka Nissan ikaja ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Malindi si Arizona lakini baridi ya kupumzisha betri usiku hatuna. Leaf mpya iliyozinduliwa 2025 ndo ya kwanza kupozwa kwa maji. BYD Atto 3, gari ya Uchina, nayo betri yake yapozwa, na ni ile ya chuma na fosfeti, wauzaji waandika LFP, ambayo yavumilia kujazwa mpaka 100 mara kwa mara, wakati hizi zingine ni vizuri uzizoeshe 80 siku za kawaida. Kwa mtu wa Pwani anayetaka kukaa na gari miaka 10, kungojea betri ya kupozwa ni sababu ya maana kabisa. Ila ukisema wangojea Leaf ya 2025 ishuke iwe mtumba wa bei yetu, hio si miezi, ni miaka, na uihesabu kama miaka.

Na wakati mwengine cha kungojea si toleo jipya, ni gari nzuri zaidi ya toleo lile lile. Leaf ina vijiti 12 vya uwezo wa betri upande wa kulia wa kipimo, kile cha kwanza chaondoka ikishapoteza kama asilimia 15. Ya 40 yenye vijiti 12 na ya 40 yenye 10 ni gari mbili tofauti, muuzaji akizitaja bei moja wewe ngojea ile ya 12. Tafuta mtu mwenye kile kidude cha OBD, kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari, na programu ya simu ya LeafSpy akusomee afya ya betri kabla hujatoa hata shilingi.

Halafu piga hesabu ya kungoja kwenyewe, kwa sababu kungoja kuna bei yake. Tuseme wenda kilomita 1500 kwa mwezi na gari yako ya petroli yala lita moja kwa kilomita 10, hizo ni lita 150, zidisha na bei ya petroli inayotangazwa na EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya, kila tarehe 14. Gari ya stima kwa kilomita hizo hizo ni kama uniti 250 pamoja na zinazopotea, zidisha na bei ya uniti kwenye tokeni yako ya mwisho. Tangu 2023 kuna tarifa yake ya kuchaji magari, usiku bei ya chini kuliko mchana, ulizia Kenya Power. Toa moja kwa ingine, hio tofauti ndo unayolipa kila mwezi unaongoja. Zidisha na miezi, weka kando ya tofauti ya bei ya gari zenyewe, uone. Kama huna gari kabisa, weka nauli na gari za kukodi mahali pa petroli.

Upande wa ahadi uwe makini zaidi. Tesla walipoonyesha Model 3, tarehe 31 Machi 2016, watu walitoa dola 1,000 za kuweka nafasi kwa gari ya dola 35,000. Za kwanza zikatoka Julai 2017, lakini ni za betri kubwa na bei ya juu. Ile ya 35,000 yenyewe ikaja mwisho wa Februari 2019, na wakati huo nafuu ya kodi ya serikali yao iliyokua dola 7,500 ilikua imeshashuka mpaka 3,750, kwa hivyo aliyengojea ya bei ya chini alipoteza nusu ya nafuu. Aprili mwaka huo huo ikaondolewa mtandaoni, ukiitaka upige simu ama uende dukani. Na Waingereza, wenye usukani wa kulia kama sisi, walingoja mpaka 2019 kuanza kuletewa zao.

Kwetu mambo mawili ndo hucheza hivyo. Moja ni bajeti, inasomwa Juni na ushuru mpya mara nyingi huanza tarehe 1 Julai, kwa hivyo kama wangoja, jua kama gari yako itafika bandarini kabla ama baada. Pili ni sheria ya miaka 8, mtumba hauingii Kenya ukizidi miaka 8 tangu uandikishwe mara ya kwanza, na kila Januari mwaka mmoja wakatwa. Ukiona toleo litangazwa Ulaya ama Uchina, uliza maswali matatu tu: lina usukani wa kulia, lina bei ya hapa, kuna alokwisha kulishika hapa Kenya? Likikosa hata moja bado ni habari, si gari.

Arbuni toa ukiwa na karatasi iliyoandikwa ukubwa wa betri kwa namba, tarehe ya mwisho, na kwamba tarehe ikipita pesa zarudi zote. Asiyekubali kuandika, ondoka. Na gari yako ya zamani usiiuze mpaka hii mpya imeshaandikishwa.

Mimi nimeandika kwenye daftari: kWh 62, vijiti 12, mwisho tarehe 31 Mei, isipopatikana nachukua ya 40 na safari za Mombasa nampa mwenzangu mwenye Noah. Dada hakungoja, ya 40 yake iliingia wiki jana, fundi alikuja kumtengezea waya wa ardhi Alhamisi, na jana usiku tulitoka sote kuangalia ile taa ya bluu ya chaji kwenye dashibodi.