Kupanga nyumba ya familia Kisumu: anza na maji

Wengi wanaotafuta nyumba ya familia Kisumu huanza kwa kuuliza kodi ni kiasi gani na vyumba vya kulala ni vingapi. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini yasitangulie. Katika mji huu swali la kwanza ni la maji, yale yanayopaswa kufika mferejini kila siku na yale yanayoshuka kutoka mbinguni msimu wa mvua. Nyumba iliyo sawa kwa hayo mawili itakalika hata kama jikoni ni padogo. Isiyo sawa itawachosha wazazi na kuwaletea watoto maradhi, hata kama sakafu yake ina vigae vinavyong'aa.

Mji wa Kisumu umeinamia Ziwa Victoria. Kaskazini kuna miinuko ya Riat. Mashariki, ukishapita Nyamasaria, unaingia uwanda wa Kano, ambao mito yake hufurika wakati wa masika. Na kandokando ya ziwa, kuanzia Dunga hadi sehemu za chini za Nyalenda, ardhi ni tambarare na haikauki upesi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na baadhi ya watu wa Dunga wakayahama makazi yao. Sisemi kwamba usipange nyumba upande wa chini, kwa kuwa zipo nyumba nzuri zilizoinuliwa msingi na kuzungukwa na mitaro inayofanya kazi. Ninachosema ni kwamba huko uchunguzi wako uwe mkali maradufu.

Mimi nilijifunza hayo kwa gharama. Nililipia nyumba ya vyumba vitatu mwezi wa Februari, wakati ardhi yote ilikuwa kavu na kuta zimetoka kupakwa rangi nyeupe. Mwezi wa Aprili, usiku mmoja wa mvua kubwa, maji machafu yalipanda kupitia tundu la bafuni, yakaenea hadi sebuleni. Asubuhi tulipovuta kochi ili tukaushe, rangi ya ukutani ilikuwa imevimba na kubanduka, na chini yake tukaona mstari wa kahawia ulionyooka, kimo cha kifundo cha mguu, ukizunguka chumba kizima. Haukuwa mstari wa usiku ule. Nyumba ilikuwa imewahi kuingia maji, na aliyenikabidhi funguo alilijua jambo hilo.

Tangu hapo, nikiingia katika nyumba naweka kiganja ukutani karibu na sakafu, hasa nyuma ya milango na ndani ya kabati za jikoni, mahali ambapo fundi wa rangi huwa hapafikii vizuri. Ukuta wenye unyevu huwa baridi kuliko sehemu ya juu, na mara nyingine huacha unga mweupe mkononi. Ukiona rangi mpya imepakwa sehemu ya chini pekee, uliza sababu. Kisha toka nje, umwendee mama mboga aliye karibu na lango, umsalimu, ununue sukuma wiki, umuulize mvua ikinyesha watu hupita wapi. Yeye hukaa hapo mwaka mzima, wala hana kodi anayoitafuta kwako. Ukiweza, fanya ziara ya pili siku ya mvua au asubuhi inayofuata. Ndiyo maana likizo ya Aprili ni wakati mzuri wa kutafuta nyumba: watoto hawapotezi masomo, na mvua inakuonyesha kila kitu.

Maji ya mferejini yanahitaji hesabu. Maeneo mengi ya mji huletewa maji na Kiwasco, kampuni ya maji ya Kisumu, lakini kuwa na mfereji si sawa na kuwa na maji. Nenda jioni, saa moja au saa mbili usiku, wakati jirani zako wote wanapika na kuogesha watoto, ufungue mfereji wa jikoni na wa bafuni kwa pamoja, usikilize nguvu yake. Ikiwa nyumba iko orofa ya tatu au ya nne, jaribio hili lisikose. Halafu uliza tangi la ploti lina ukubwa gani na linagawanywa na familia ngapi. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, inahitaji lita 300; familia nane za namna hiyo zitamaliza lita 2,400 kwa siku moja, kwa hivyo tangi la lita 10,000 litawafikisha siku nne tu maji yakikatika. Ikiwa pampu ndiyo inayopandisha maji, jua ni nani anayelipia stima yake, na kama bili ya maji inasomwa kwenye mita yako au inagawanywa sawa kwa wote. Mahali ambapo hakuna bomba la maji taka, uliza pia shimo lilinyonywa lini mara ya mwisho na gari lake hulipiwa na nani.

Kuhusu stima, jambo muhimu ni mita. Ikiwa ni mita ya tokeni ya Kenya Power, utanunua tokeni mwenyewe kwa simu, na bei yake ni ile ile ya wateja wengine wa aina yako. Ikiwa ni mita ndogo ya mwenye nyumba, muulize jirani shilingi 500 humpa yuniti ngapi, ulinganishe kabla ya kukubali.

Joto na mbu havitajwi katika matangazo, ilhali ndivyo vitakavyoamua kama watoto watalala. Eneo la ziwa ndilo lenye malaria nyingi zaidi nchini, kwa hiyo angalia kama madirisha yana wavu, na uinue macho uone yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, ambayo mara nyingi huachwa wazi hata pale dirisha lenyewe limewekewa wavu. Kwa upande wa joto, chumba kinachotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri na kuta zake hubaki na joto hadi usiku, na orofa ya mwisho iliyo moja kwa moja chini ya mabati huwa kali zaidi. Madirisha ya pande mbili zinazoelekeana, yanayoruhusu upepo wa ziwa kupenya, yana thamani kuliko balkoni.

Sasa pesa. Tuseme kodi ni shilingi 30,000. Siku ya kuingia utatakiwa kutoa kodi ya mwezi wa kwanza, amana ambayo kwa kawaida hulingana na kodi ya mwezi mmoja, na pengine amana ndogo ya maji na stima, kwa hivyo usianze kutafuta ukiwa na chini ya 65,000 pamoja na nauli ya lori. Usitume amana kwa nyumba uliyoiona katika picha tu, wala usitume kwa nambari ya wakala binafsi. Jina linalojitokeza kwenye M-Pesa lilingane na jina lililo kwenye mkataba, na lisipolingana, katisha malipo hapo hapo.

Mkataba uusome wote. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hakuna nyumba ya familia ya aina hii utakayoipata kwa bei hiyo. Kwa hiyo kinga yako kubwa ni maneno mliyotia sahihi. Yataje muda wa notisi, kiwango na wakati wa kupandisha kodi, mtu wa kulipia ukarabati wa mabomba na paa, na siku ambazo amana itarudishwa baada ya kuhama. Ikiwa mkataba wa mwezi kwa mwezi haukutaja notisi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inadai isipungue mwezi mmoja. Kama mtunza nyumba amekuahidi wavu wa mbu au mlango mpya, ahadi hiyo iandikwe pia. Akikataa kuiandika, ihesabu kuwa haipo.

Siku ya kupokea funguo, kabla ya godoro la kwanza kushushwa, pita chumba kwa chumba na mtunza nyumba, upige picha kila ufa, kila kioo, kila sinki na namba zilizo kwenye mita zote mbili, kisha umtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zenu nyote wawili.