Baiskeli ya mlima na vumbi letu la murramu: namna ya kuitunza

Kitu cha kwanza kabisa, tafadhali usiipeleke baiskeli yako pale wanapooshea boda na teksi. Najua inavutia, umetoka mlimani umejaa tope mpaka masikioni, kijana anakuita leta hapa ssebo (yaani bwana), dakika mbili tu inang'aa. Shida ni ile mashine ya presha. Baiskeli ina beringi kwenye magurudumu, kwenye pedeli, pale katikati pedeli zinapozungukia na kwenye shingo ya usukani, na zote hizo zinaishi kwa grisi, sa ukipiga maji kwa nguvu yanapita kwenye sili (vile vimpira vya kuzuia maji na uchafu), grisi inaondoka na maji yanabaki humo ndani yanakula chuma. Baada ya wiki kadhaa unasikia kru kru kru kila ukikanyaga.

Osha mwenyewe nyumbani. Jerikeni ya maji, sabuni ya vyombo, brashi laini, mswaki wa zamani na matambara, basi. Mwagia maji taratibu kwanza mpaka mchanga ulainike na kuanguka, ndo usugue, kwa sababu ukisugua murramu kavu, ule udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami, unaikwaruza rangi na zile nguzo zinazong'aa za foko, yaani uma wa mbele unaoshika gurudumu. Brashi uliyosugulia cheni isiguse diski za breki hata kidogo. Na kama breki zako ni za mafuta, usiiache baiskeli imepinduliwa kichwa chini siku nzima, hewa inaweza kuingia kwenye bomba la mafuta na breki zikawa laini laini.

Sasa cheni, hapa ndo pesa ya watu wengi inapoishia. Huku kwetu kuna tabia ya kupita gereji ya pikipiki kuomba oili chafu ya injini na kuimwagia cheni mpaka inadondoka. Inatulia siku moja, haipigi kelele, wewe unafurahi, alafu unaingia barabara ya vumbi na lile vumbi lote linanasa kwenye oili, linageuka uji mweusi unaokwangua cheni na meno ya gia kila unapozungusha. Oili inatakiwa iwe ndani ya viungo vya cheni, pale pini inapozungukia, ile ya nje haina kazi yoyote zaidi ya kukusanya uchafu.

Kwa hivo fanya hivi. Safisha cheni kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo (mbali na diski!), ifute, iache ikauke kabisa. Chukua oili ya cheni ya baiskeli, weka tone moja moja kwenye kila kiungo upande wa ndani, huku unazungusha pedeli kinyumenyume. Iache hata usiku mzima inywe. Kesho yake futa cheni yote kwa tambara kavu mpaka ukiigusa kidole kinatoka karibu kisafi. Watu wengi wanaruka hii hatua ya kufuta na ndo muhimu kuliko zote. Madukani kuna oili nyepesi ya ukavu na nzito ya mvua: kipindi cha Desemba mpaka Februari nyepesi inatosha, ikianza mvua ya Machi ile nyepesi inaoshwa haraka sana, tumia nzito na ufute mara nyingi zaidi.

Na cheni inaisha jamani, hata kama haijakatika. Kuipima hauhitaji kifaa cha bei, azima tepu ya chuma ya fundi seremala, ile yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, vuta cheni ikaze, tazama kwenye inchi 12. Cheni mpya pini inakaa sawasawa juu ya 12. Ikiwa imepita kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni. Ikipita kwa 1/8 ushachelewa, meno ya nyuma nayo yameshalika, ukiweka cheni mpya peke yake itaruka ukipanda mlima, na seti ya meno ni ghali kuliko cheni. Hii uiangalie hasa kama umenunua baiskeli ya mtumba, nyingi zinakuja na cheni iliyochoka hata kama fremu inang'aa.

Breki: toa gurudumu uangalie pedi kwa tochi, ikibaki chini ya milimita moja ya ile nyama juu ya chuma, badilisha, hasa kama unateremka sehemu za milima hapa Uganda kama Sipi au Kisoro ambako mteremko ukianza hauishi leo. Gurudumu likiwa nje usiminye breki, pedi zitajifunga. Diski ikigusa oili isafishe kwa isopropili ya famasi, soma lebo isiwe na mafuta ndani. Alafu jihadhari na fundi wa pikipiki anayetaka kukuongezea mafuta ya breki. Yeye anayo DOT, ndo ya boda, lakini breki za Shimano zinatumia mafuta ya minerali, ukiweka DOT humo sili zinavimba na breki imekufa. Angalia maandishi kwenye mkono wa breki kabla ya mtu yeyote kufungua chupa.

Upepo. Fundi pancha akikujazia, atajaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, amezoea baiskeli za kubeba matoke. Ya mlima haitaki hivo. Soma ubavuni mwa tairi kiwango cha chini na cha juu, na kwa mtu wa kilo 70 hivi mwenye tyubu, 25 mpaka 35 PSI inatosha murramu. Ukikuta tyubu ina matundu mawili yamepangana, upepo ulikuwa mdogo ukagonga jiwe. Tundu moja ni mwiba, na ukiziba kabla ya kupapasa tairi ndani na kuutoa utapata pancha nyingine kabla ya kufika.

Gia ikisita kupanda kwenye meno makubwa, kabla ya kwenda kwa fundi tafuta kile kitufe cha kuzungusha pale waya unapoingia kwenye ule mkono wa gia ulio chini karibu na gurudumu la nyuma, simama nyuma ya baiskeli, zungusha kinyume cha saa robo mzunguko, jaribu, ongeza robo. Mara nyingi inaishia hapo, waya umelegea tu. Shingo nayo, shika breki ya mbele usukume baiskeli mbele nyuma, ukisikia tak tak imelegea.

Na ukitaka kubadilisha pedeli, ya kushoto inafunguka upande wa kinyume, kulia kama saa. Mwambie fundi mapema kabla hajasimama juu ya spana, kwa sababu ukishaua nyuzi za pale unanunua mkono mzima unaoshika pedeli.