Zunguka robo duara kabla ya kuchimba

Kigunduzi cha metali kikilia, usikimbilie sepetu. Pitisha koili (ile sahani ya chini ya kigunduzi) juu ya mlio mara mbili tatu, kisha zunguka nyuzi 90 huku umekazia macho palepale, upitishe tena. Sarafu au kifungo kilicholala bapa ni duara, kwa hiyo mashine inakipata vilevile kutoka kila upande: mlio unabaki msafi na namba kwenye skrini, inayokisia aina ya metali, haichezi sana. Msumari ni mrefu na mwembamba. Upande mmoja unaweza kulia kama shaba kabisa, lakini ukigeuka mlio unakatikakatika, unakwaruza au unahama kando kidogo. Huo uache.

Mkiwa kundi, wenzako wasogee kwanza mita 10 au zaidi, maana mashine zenye masafa ya mawimbi yanayokaribiana huingiliana na kuleta milio ya uongo. Msumari utasingiziwa bure.

Mbinu hii hudanganywa na washa ya chuma (kile kipete bapa cha bolti), kwa kuwa nayo ni duara. Tena sarafu iliyosimama wima, au iliyobanwa kati ya misumari, huweza kulia vizuri upande mmoja tu. Kwa hiyo kwenye viwanja vya nyumba za kale, palipojaa misumari, mlio safi wa upande mmoja unaojirudia kila ukipita mimi huuchimba tu. Na kitu kikiwa chini sana, namba huyumba hata kama ni madini ya fedha tupu. Hapo sikiliza mlio, skrini usiiamini.